Mvi Si Ushahidi: Barua kwa Vijana wa Malindi, Magarini na Ganze

Wajukuu zangu,

Jumapili moja mwezi uliopita alinijia mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja, mkononi ana pakiti ya rangi ya nywele na kitana kilichong'oka meno. Ana miaka 74. Mbele alikuwa amejipaka mwenyewe, kisogoni mkono haukufika. Tukakaa nyuma ya jiko, akainamisha kichwa, nikakoroga ile rangi kwenye kifuu cha nazi nikaanza kumpaka. Maji meusi yakamtiririka shingoni hadi kwenye leso. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Sote tulijua hatafuti urembo. Anaficha mvi ili asiuawe.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimetumika katika zahanati za huku kwetu miaka 34, wengi wenu niliwachanja mkiwa mgongoni mwa mama zenu, na nikipita steji ya bodaboda mnaniita Hawe, yaani bibi. Basi nawaandikia kama Hawe wenu, na sitazunguka mbuyu. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wanakatwa mapanga, wanachomewa nyumba, wanafukuzwa kwenye mashamba waliyoyafyeka kwa mikono yao, kwa madai kwamba ni wachawi. Kule Kaya Godoma, Ganze, imebidi pawepo mahali pa kuwahifadhi. Wengi wao wamewakimbia watoto wao wa kuwazaa.

Matangani nasikia mnavyonong'ona: "Mbona huyu haondoki? Wadogo wanakwisha, yeye yupo tu. Anakula umri wa wenzake." Neno hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Umri hauliwi, wanangu. Ufaransa aliishi mwanamke aitwaye Jeanne Calment, aliyezaliwa mwaka 1875 akafa mwaka 1997, akiwa na miaka 122. Ndiye mtu mwenye umri mrefu kuliko wote waliothibitishwa kwa maandishi. Alimzika mumewe. Mwaka 1934 alimzika bintiye, mtoto wake wa pekee. Mwaka 1963 akamzika mjukuu wake wa pekee, aliyekufa kwa ajali ya gari. Akabaki peke yake miaka 34 zaidi. Watu wakawa wanamwendea siku ya kuzaliwa kumuuliza habari za zamani. Nikiwaza bibi wa namna hiyo angezaliwa Ganze, na vifo vitatu kama hivyo nyumbani kwake, moyo unaniuma.

Mnaniambia pia kwamba zamani watu hawakuzeeka hivi, kwa hiyo wanaozeeka leo wana dawa yao. Hapo mmedanganywa na hesabu. Ni kweli kwamba mwaka 1900 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa kama miaka 32, na leo ni kama 73. Lakini chukua kichanga aliyekufa akiwa na wiki mbili na bibi aliyekufa akiwa na miaka 70. Wastani wao ni 35, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa na 35. Wazee walikuwepo zamani, na wengine wazee kweli kweli. Watoto ndio waliokuwa hawavuki. Surua, kuhara, malaria na pepopunda ya kitovu viliwamaliza kabla hawajaota meno. Tulipopata uhuru mwaka 1963 wastani wetu Kenya ulikuwa karibu miaka 50, leo umepita 60. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, kati ya watu milioni 47.6. Hawa ni watoto wa jana waliopata chanjo na maji safi, wakavuka. Mzee mmoja akiongezeka mtaani, hakuna mtoto aliyepunguzwa.

Na miaka ya 1990, UKIMWI ulipotushukia, huo wastani ulirudi nyuma. Tulizika watu wa miaka 30 kila wiki. Nani aliyebaki na yatima? Jiulizeni ni wangapi kati yenu mlilelewa na bibi, mkanyweshwa uji wake. Leo mnamuuliza mbona aliwazika mama zenu akabaki yeye.

Niwaeleze nilichokiona mezani pangu, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo.

Mama mmoja aliwahi kuniletea mtoto wa tatu. Wawili wa kwanza walikuwa wamekufa kabla ya kufika miaka mitano. Huyu vidole vya mikono na miguu vilikuwa vimevimba, macho ya njano, analia akiguswa. Nyumbani walishapiga mburuga, yaani ramli, na mganga ameshamtaja mama mkwe. Tulipompima damu tukakuta selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikamwita na mumewe, nikachukua kunde nyekundu na nyeupe nikazipanga mezani. Kila mmoja wenu, nikawaambia, amebeba kunde moja nyekundu na moja nyeupe. Nyeupe ni ugonjwa, na nyekundu inauficha, ndiyo maana nyinyi ni wazima. Kila mimba, kila mzazi anampa mtoto kunde moja bila kuchagua. Mtoto akiangukia nyeupe mbili, anaumwa. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, na kutokea mara moja hakuzuii kutokea tena. Yule baba alizitazama zile kunde kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia ni nyinyi wawili, na si kosa lenu. Mtoto akaanzishiwa dawa za kinga na kliniki ya kila mwezi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimleta.

Pwani yetu ni nchi ya malaria, na kunde moja nyeupe humpunguzia mtu sana hatari ya kuuawa na malaria. Ndiyo sababu imeenea sana katika damu yetu. Ni nyumba ngapi hapa zimepoteza watoto wawili, watatu, wanne, kisha panga likamtafuta mwenye mvi?

Macho mekundu yanatokana na miaka 60 ya kupuliza kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Jicho lenye utando mweupe ni mtoto wa jicho, na hutolewa kwa upasuaji mfupi. Kijana wa miaka 40 anayeanguka ghafla na upande mmoja kulegea huenda ana presha ambayo hajawahi kuipima, na hakuna aliyemtupia kitu.

Na yule mzee aliyekutwa uani kwa jirani saa nane za usiku, uchi, akizungumza peke yake? Mnasema alikuwa anawanga. Mimi nasema alikuwa amepotea. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa unaoua ubongo kidogo kidogo. Mtu anaanza kusahau alipoweka funguo, kisha majina ya wanawe, kisha njia ya nyumbani, mwishowe hata kuvaa nguo. Jua likizama, wengi huchachawa zaidi. Anatoka kutafuta nyumba aliyozaliwa, iliyobomoka miaka 50 iliyopita. Mshike mkono, mfunike leso, mrudishe kitandani.

Msidhani haya ni yetu peke yetu. Ulaya, kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, waliuawa watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na wengi wa umri mkubwa. Ilikuwa miaka ya baridi kali, mavuno mabaya na vita. Mji wa Salem, Marekani, mwaka 1692, walinyongwa watu 19, akiwemo Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71. Giles Corey, mzee wa miaka kama 80, alibanwa kwa mawe hadi akakata roho. Miaka mitano baadaye mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu huku toba yake ikisomwa. Rebecca alikuwa ameshazikwa.

Sasa tuseme habari ya kuanguka kwa jamii, maana mnapenda kusema wazee ndio waliotuangusha. Kila mmoja wenu amepelekwa na shule kwenye magofu ya Gedi. Mji wenye misikiti na majumba ya mawe ulihamwa katika karne ya 17. Wataalamu wanataja visima kukauka, mashambulizi, na biashara kupotea. Hakuna aliyechimba pale akakuta kwamba mji uliuawa na bibi.

Mwaka 1913 aliyesimama mbele ya Waingereza alikuwa Mekatilili wa Menza, mjane mtu mzima, mwanamke wa umri ambao leo mngeuonea shaka. Aliwakusanya watu Kaya Fungo, mahali petu patakatifu msituni, wakala kiapo kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa. Wakamkamata wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mkoloni alijua nguvu yetu iko wapi. Iko kwa wazee wanaokaa pamoja na watu wanaowasikiliza.

Kisha tukaja sisi wenyewe. Vigango, nguzo za mbao za kuchongwa tulizowasimamishia wazee waliotangulia, viling'olewa usiku na vijana wetu, vikauzwa kwa watalii. Mamia yakafika Marekani. Makumbusho ya Denver yalikuwa navyo 30, yakaamua kuvirudisha. Kwangu mimi kuanguka kulianzia hapo. Aliyeuza kigango cha babu yake kwa shilingi kadhaa amefungua njia ya kumuuza babu mwenyewe pamoja na ekari zake.

Maana ni ekari, wanangu, tusifichane. Bei ya ardhi imepanda tangu wageni waanze kutafuta viwanja, na mwenye hati ni mzee. Katika matanga yote ya mapanga niliyohudhuria, sikumbuki hata moja la mzee asiye na shamba.

Na sisi wazee tuna deni. Wako wenzangu wanaofikisha miaka 80 bila kuwaonyesha watoto mpaka ulipo, na wengine wakiudhiwa hutishia, "Utaona!", wakijua neno hilo litaogopwa. Wazee wenzangu, acheni. Gawanyeni mkiwa hai, andikeni wosia mbele ya mashahidi wawili, na msijivike uchawi msiokuwa nao ili mheshimiwe. Katiba ya 2010, Ibara ya 57, inatupa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Nasi tusiwadhulumu walio chini yetu.

Kwenu nyinyi ombi langu ni dogo. Mtoto akiumwa mara kwa mara, mpelekeni akapimwe damu kabla ya mburuga. Mtu akifa hospitalini, ulizeni kilichomuua, mkiandike. Na wewe wa bodaboda unayeitwa usiku kuwapeleka watu wawili kwa mzee fulani, hata wasipokwambia wanafuata nini, unajua. Kataa abiria huyo. Kisha mpigie chifu, umpigie na jirani wa yule mzee, umwahi kumtoa kabla hawajapata pikipiki nyingine.

Mwenzangu mvi zimeanza kuchomoza tena kwenye mashina. Jana amenipigia, pakiti ameshanunua. Nimemwambia asubiri hadi Jumapili.

Hawe wenu,
Malindi