Barua kutoka Liège: Saa Zetu Zimelingana

Liège, Jumatatu ya Juma Kuu, 30 Machi 2026

Mama mpenzi, pamoja na Yaya mkubwa wangu na wadogo zangu wote wa Kadutu, Bukavu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninawaandikia nikiwa mzima, ila aibu ya jana bado haijanitoka, kwa maana Jumapili ya Matawi nilifika kanisani Mateso yamekwisha kusomwa na padri amekwisha kuhubiri. Mwaka huu siku hiyo imeangukia usiku ule ambao huku Ubelgiji husogeza saa mbele: saa nane ya usiku hugeuka saa tisa, na asiyekumbuka hupoteza saa nzima akiwa usingizini. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe. Mimi nikaiamini saa ya ukutani.

Matawi yalikuwa yamekwisha kubarikiwa, nikaokota kitawi kimoja kilichobaki chini ya kikapu mlangoni. Msidhani ni mtende. Huku hubariki kichaka kiitwacho buis, ambacho hakipukutishi majani hata wakati wa theluji. Majani yake ni madogo kama ukucha, magumu, yanang'aa, na harufu yake, Mama utanisamehe, inakaribia ile ya mkojo wa paka. Nimekichomeka nyuma ya msalaba chumbani, kama wewe unavyolihifadhi kuti lako mpaka lirudishwe parokiani kuchomwa kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Maandamano yao, nimeambiwa, yalitoka uani hadi mlangoni tu. Nikawakumbuka akina mama wa shirika letu wakitandika vitenge vyao juu ya tope la mteremko ili msalaba upite, huku mvua ikitishia na hakuna anayetaka kukatisha Hosana.

Alhamisi Kuu nitakuwa miongoni mwa watakaooshwa miguu. Padri wetu, ambaye ni Mkongo mwenzetu, mzaliwa wa Kasai, aliwatafuta watu kumi na wawili akawapata tisa, kisha akaniita jikoni mwa parokia nilipokuwa nikiosha vikombe. Tangu mwaka 2016 Papa Fransisko aliporuhusu rasmi wanawake nao wachaguliwe, sina pa kujificha. Nimenunua soksi mpya, jambo ambalo Yaya atalicheka, kwa sababu nitazivua kabla hazijaonekana. Usiku huo, baada ya wimbo wa Utukufu, kengele zitanyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka, na watoto wa huku huambiwa kwamba zimekwenda Roma na zitarudi zikidondosha mayai ya chokoleti bustanini.

Ijumaa Kuu huku si sikukuu ya kazi, ingawa Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu. Mpangilio huo sijauelewa hadi leo. Saa tisa alasiri, ninyi mkiwa katika Njia ya Msalaba, mimi nitakuwa nikikunja mashuka penye mashine za kufulia. Nitasimama kidogo, kisha nitaendelea. Lakini Mama, nakuomba jambo moja kuhusu siku hiyo. Sheria ya Kanisa ya kufunga inamhusu mtu aliyetimiza miaka 18, na inamwachilia anapoanza mwaka wake wa 60, nawe umekwisha kuupita zamani. Ukimeza dawa za sukari na tumbo tupu, kisha ukapanda mlima vituo vyote kumi na vinne, hutakuwa umeitimiza sheria yoyote. Kula bugali kidogo na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa, ambazo hata siku ile hazikukatazwa, halafu ndipo utoke.

Kuhusu Jumamosi, nimepiga hesabu. Tangu jana saa ya Liège na saa ya Bukavu ni moja, na itakuwa hivyo mpaka Oktoba. Jua, hata hivyo, halifuati saa. Mkesha hauruhusiwi kuanza kabla giza halijaingia. Kwenu giza linaingia mapema, mnaweza kuuwasha moto mpya saa moja, ilhali huku jua litakuwa bado linawaka dirishani nasi tutangoja hadi saa tatu. Kwa hiyo Pasaka itaanza kwenu kwanza.

Mdogo wangu ajitahidi kusimama karibu na mlango, mahali padri atakapouchora mshumaa msalaba, Alfa na Omega, na tarakimu nne za mwaka huu. Nilipokuwa mdogo baba yetu alinibeba mabegani nione kisu kikipita katika nta, na chembe zake nyeupe zikidondoka juu ya viatu vya mtumishi. Mshumaa utakapoinuliwa mara ya kwanza, mnipigie simu, muiache wazi mfukoni, msiseme nami lolote. Nitasikia "Mwanga wa Kristo" kutoka huko na kuitikia peke yangu, kisha nitapiga pasi gauni langu na kwenda kungoja giza la huku. Vocha nimekwisha kutuma kwa namba ya Yaya.

Ni mimi, binti yenu.