Dada, daftari lako ninalo

Dada,

Namba yangu umeifunga, kwa hiyo nakuandikia hapa mbele za watu. Ujumbe wako wa mwisho ulisema, "Usiniandikie tena." Kuna mshairi wa Kifaransa, Marceline Desbordes-Valmore, aliyetunga shairi zima la kumkataza aliye mbali naye asiandike, na kila ubeti ukisonga unaona jinsi anavyoitamani barua. Nilikuona wewe mle.

Alizaliwa Douai mwaka 1786. Mama yake alimvusha bahari hadi Guadeloupe, homa ya manjano ikamchukua mama, binti akarudi Ufaransa bila mama. Akaingia jukwaani, akawa anaigiza na kuimba. Miaka mingi baadaye alimweleza mhakiki Sainte-Beuve kwamba kwenye umri wa miaka 20 aliacha kuimba, maana sauti yake mwenyewe ilimliza. Lakini muziki haukumtoka kichwani, ukawa unampangia mawazo bila yeye kutaka. Mashairi yakaanzia hapo. Alimzika binti yake Inès mwaka 1846, na binti mwingine, Ondine, mwaka 1853, na bado aliandika. Mshairi Verlaine alipotoa upya kitabu chake cha washairi waliolaaniwa, mwaka 1888, mwanamke mle alikuwa yeye peke yake.

Wewe je? Siku ya arobaini ya mwanetu (ndiyo, mwanetu, usibishe) ulitoka uani ukalisukuma daftari lako la mashairi chini ya sufuria la pilau, kama kuni. Shangazi akaendelea kupalia makaa juu ya kifuniko. Wanawake wote wale, kimya! Hilo siwasamehe. Mimi ndiye niliyetia mkono motoni. Jalada lilikwisha teketea, ila kurasa za katikati zimepona, zina masizi pembeni na doa la mafuta juu ya ubeti wa viatu vyake.

Unasema nilikuaibisha nilipomsomea mama ubeti ule. Mama hakuwa ametoa chozi tangu msiba, dada. Siku ile alilia mpaka akalala. Ulitaka nizifiche? Mashairi ya mwisho ya Marceline, na ni katika yaliyo mazuri zaidi, yalitolewa Geneva mwaka 1860, yeye ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Mimi sitaki kungoja hivyo.

Kurasa ziko kwa mama, ndani ya bahasha, juu ya kabati. Njoo uzichukue. Ubeti wa mwisho hauna kituo, nami sitamruhusu mtu mwingine autilie.