Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Cheti Mkononi, Hesabu Ukutani

Ndugu wanachama, salamu nyingi.

Wengi wetu twauza vitunguu na machungwa ya Tanzania yanayopitia vituo vya mpakani vya Horohoro na Lunga Lunga hadi soko la Kongowea, Mombasa, kwa hiyo naanza na mpaka. Kwa taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Hata hivyo wenzetu walikuwa wakimlipa mtu wa kati awapitishie, au wakifuata njia za panya, ambako mzigo hauna risiti wala mtetezi. Mwaka huu tuliketi nao sokoni, fomu mkononi, tukaijaza mstari kwa mstari: bidhaa, uzito, thamani, mahali ilipolimwa. Mama mmoja wa machungwa alirudi na cheti alichojichukulia mwenyewe, kikazungushwa kibanda hadi kibanda. Nilifurahi mno. Lakini ukaguzi wa afya ya mimea uko pale pale. Msiondoke bila karatasi zake.

Jambo la pili ndilo ninalolithamini zaidi. Mwaka 2003 nchi za Afrika zilianzisha mpango wa kujitathmini kiutawala, APRM, ambapo nchi hukubali kwa hiari kukaguliwa na wenzao. Kenya ilikuwa miongoni mwa za kwanza, mwaka 2006. Nikaiambia kamati: kama serikali zaweza, chama chashindwaje? Tukawaalika wafanyabiashara wenzetu wa Tanga wapekue vitabu vyetu. Walifungua risiti moja moja, wakauliza nani huidhinisha mkopo wa dharura, wakashauri kila malipo yawe na sahihi tatu na yabandikwe ukutani. Kamati imekubali, na orodha ya kwanza tayari iko mlangoni pa ofisi. Baada ya Idi ni zamu yetu kukagua vyao.

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambao Kenya na Ghana ziliwasilisha hati za kuuridhia kabla ya wengine wote mwaka 2018, naufuatilia kwa matumaini. Kwa mtaji wetu, hata hivyo, Accra bado mbali. Tuimarishe Tanga kwanza.

Aliyetozwa pesa njiani bila risiti aandike tarehe, mahali na kiasi, amkabidhi katibu kabla ya mkutano mkuu. Malalamiko hayo tutayapeleka kwa pamoja, sisi na Tanga, kwa kamati za vikwazo vya biashara za nchi zote mbili.