Vipele vya Duara Mkononi Mwako

Mji wa Kale, Mombasa

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Baada ya salamu, barua yako nimeipata. Umenieleza kwamba vipele vilivyojipanga duara juu ya vidole vyako vimekataa kusikia dawa ya choa, na kwamba umeshatenga taulo na leso zako wasije watoto wakaambukizwa. Zirudishe. Maradhi niliyo nayo mimi miaka yote hii, ambayo madaktari huyaita granuloma anulare, hayaambukizi kwa kugusana wala kwa kuchangia nguo, na kwa maelezo yako nadhani yako ni hayo hayo, ingawa mwenye kukata shauri ni daktari wa ngozi.

Choa kwa kawaida huwasha, na ukingo wake hutoa magamba. Vipele hivi ni laini kwa juu, vigumu kidogo ukivibonyeza, aghalabu haviwashi, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu huonekana vya kahawia au zambarau iliyokoza. Daktari akiikwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini, hatakuta fangasi. Huenda pia akakugusa kwa pamba katikati ya duara, kwa sababu ukoma nao huleta mabaka ya mviringo, ila hayo hufa ganzi; usitishike na kipimo hicho. Akibaki na shaka, atakata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara.

Chanzo hasa hakijulikani. Chembe za kinga hujikusanya ndani ya ngozi bila ya adui anayeonekana, na vipele vikienea mwili mzima madaktari hupenda kupima sukari na mafuta kwenye damu. Nawe, kwa kuwa mamako ana sukari, pima hata kama vimebaki mkononi tu.

Kwa takriban nusu ya wagonjwa huondoka vyenyewe ndani ya miaka 2, bila kovu, japokuwa huweza kurudi. Vikikuudhi, zipo krimu kali za steroidi, au sindano ya dawa hiyo ndani ya kipele, lakini usijinunulie mwenyewe: krimu hizo hukondesha ngozi, na ikiwa kumbe ni choa, zitakificha huku kikizidi kuenea.

Kuhusu harusi ya mdogo wako, hina ya majani sioni sababu ya kuikosa. Piko iache, maana kemikali iliyomo huweza kuibabua ngozi hata iliyo nzima. Ukishaonana na daktari, niandikie alilosema.

Wako akupendaye,
Zuhura