Krimu ya kufunga kidonda haichukui nafasi ya vidonge

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme neno juu ya dawa za kupaka zenye vichocheo vya ukuaji wa seli, ambazo wagonjwa wa malengelenge yatokanayo na kinga ya mwili kujishambulia wanaziulizia kwa matumaini makubwa, na wakati mwingine kwa nia ya kuachana na vidonge.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda vya namna hii. Katika pemfigasi, mojawapo ya magonjwa hayo, kingamwili (protini za kinga zilizomo katika damu) hushambulia desmogleini, yaani protini zinazoshikamanisha seli za ngozi ya juu, hata seli hizo zikaachana na maji yakajaa kati yake. Lengelenge lenyewe ni laini na hupasuka upesi, likaacha kidonda kibichi ambacho shashi ikigandia, kuibandua ni mateso. Hapo ndipo bakteria hupata mlango, na maambukizi yakifika kwenye damu yanaweza kuua. Tena steroidi, yaani vidonge vya kutuliza kinga, ambavyo tangu miaka ya 1950 vimewaokoa wengi katika ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila aliyeupata, vyenyewe huchelewesha kidonda kupona. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba dawa ya kupaka ni pambo tu: kidonda kikifunga siku chache mapema, mgonjwa amepunguziwa maumivu na hatari pia.

Kichocheo kinachojulikana zaidi ni kile cha ngozi ya juu, ambacho kilimpatia mgunduzi wake, Stanley Cohen, Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Huziamsha seli za kingo za kidonda zigawanyike na kusogea hadi zikutane katikati. Jaribio lililofanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2007 lilionyesha kuwa vidonda vya pemfigasi vilivyopakwa krimu yenye kichocheo hicho vilifunga mapema kuliko vilivyopakwa krimu isiyo nacho. Matokeo hayo yanatia moyo, ingawa wagonjwa walikuwa wachache.

Lakini krimu haizigusi kingamwili zilizomo katika damu. Mgonjwa akiacha vidonge kwa sababu kidonda cha mgongoni kimekauka, kingamwili zile zile zitaichana ngozi mpya, na mara nyingi kinywa pia, ambako krimu hiyo haipakwi. Kinachozima ugonjwa wenyewe ni tiba ya kutuliza kinga, iwe steroidi au rituksimabu, dawa ya kupitishwa kwenye mshipa iliyoidhinishwa Marekani kwa pemfigasi mwaka 2018. Isitoshe, kichocheo cha kukuza seli hakifai kupakwa penye saratani ya ngozi, kwa hiyo daktari akague kidonda kwanza.

Nawaomba madaktari wa ngozi wanaoandika dawa hizi wamweleze mgonjwa jambo hili kwa maneno anayoyaelewa, kabla hajatoka chumbani, na watuachie sisi wauguzi maagizo ya kupima upana wa kidonda kila tunapobadilisha bandeji.

Muuguzi wa vidonda