Behewa lao, tishari lao, hasara yangu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu 1998 na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ingawa sababu mmenipa nyingi. Lakini ukurasa mzima wa Jumanne iliyopita, wa kuisifu ile kampuni inayounda, kukarabati na kukodisha mabehewa na matishari, yale majahazi bapa ya mizigo, umenishinda kumeza. Jina silitaji, nyie mmelitaja mara kumi na moja, inatosha.

Kwanza ile picha. Behewa mliloliweka chini ya maneno "faraja kwa Kigoma" ni la SGR, reli yenye upana wa milimita 1,435. Inayofika kwetu ni ileile ya mita moja iliyofika 1914. Behewa lile likiletwa huku labda tulifanye banda la kuku.

Sasa saruji yangu. Masika yaliyopita nilikodi kwao behewa moja la kufunika, mifuko 800 kutoka Dar es Salaam, na kwao haohao tishari la kuivusha Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, Kongo. Mkataba mmoja, mhuri mmoja, nikajiona mjanja. Behewa kufika Kaliua, beringi ya gurudumu ikashika moto kwa kukosa grisi. Likakatwa kwenye treni, likasukumwa pembeni. Siku 19! Fundi anayeruhusiwa kuligusa ni wa kwao tu, naye kila nikipiga simu yuko "njiani". Mvua ikaona tundu kwenye paa ambalo cheti cha ukaguzi, cha kwao pia, kilisema halivuji. Huku nyuma tishari linanisubiri Kigoma, na kusubiri kunalipiwa kwa siku. Kumbe na behewa bovu nalo hulipiwa kwa siku! Yaani fundi wao akichelewa, wao wanahesabu pesa bara na ziwani, mimi niko katikati nahesabu mawe, maana mifuko 312 ilikwisha kuganda. Nikaenda kulalamika, anayepokea malalamiko ni haohao. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere, na ngedere kaniandikia ankara ya kupakua mawe.

Meli ya Liemba ililetwa hapa vipandevipande kwa reli hiyohiyo. Wajerumani walipoizamisha 1916 waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Meli ya kuzamishwa ilipata grisi. Behewa la kukodi, tena kwa pesa taslimu, halikupata.

Fomu yenyewe ya madai ni kurasa sita za Kiingereza kitupu. Mke wangu, mwalimu mstaafu, aliishia ukurasa wa tatu akaenda kupika. Na hili si la kampuni ile peke yake. Wachukuzi wetu huku wanatia dole gumba kwenye karatasi wasizozielewa, halafu kila mwaka tunaitwa uwanjani kuadhimisha Siku ya Kiswahili.

Napendekeza hivi: kila behewa liandikwe mlangoni, kwa rangi nyekundu, tarehe lilipotiwa grisi mara ya mwisho na jina la aliyeitia, kila herufi shubiri moja, ili hata sisi wa miwani tuione. Na yule mkurugenzi mliyempiga picha akitabasamu apande humo kutoka Tabora hadi Kigoma, mwezi wa Aprili, na mfuko mmoja wa saruji mapajani. Ukifika ungali unga, ankara yao nailipa.

Muuza saruji,
Ujiji