Mwanangu hakulia msibani, ila msiseme hana huruma

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo ninalo rohoni tangu mwezi wa pili na kila nikilimeza linarudi.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14 mwenye usonji, yani autism, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya ubongo uyapokee mambo na watu kwa namna tofauti. Bibi yake mzaa baba alitutoka, na siku ya msiba watu wamejaa uani, turubai limefungwa, kina mama wanalia kwa sauti, mwanangu yeye kajibanza nyuma ya tenki la maji kaziba masikio kwa mikono miwili, halii. Akatoka mara moja tu, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa kwenye mkeka, akaniuliza mbele za watu "mama, sasa dawa ya presha ya bibi atakunywa nani?" Wifi yangu akashika kichwa. Shangazi mmoja akasema wazi wazi, huyu mtoto hana huruma, ndo walivyo hawa, hisia hawana. Sikumjibu, siku hio nguvu za kubishana ningezitoa wapi.

Bas nijibu leo. Marehemu alikuwa anakunywa dawa saa kumi na mbili jioni kila siku, na maji alikuwa anapelekewa na mwanangu, kwenye kikombe cha bati chenye maua mekundu, na ukimpelekea wewe badala yake ni ugomvi. Tumezika, matanga yameanuliwa, wageni wameondoka, jioni napita chumbani kwa bibi nakuta kikombe kimejaa maji kipo kwenye stuli pembeni ya kitanda. Kesho yake tena. Mpaka leo naandika hii barua anakipeleka, asubuhi anamwaga, anasuuza, jioni saa kumi na mbili anajaza, na hakuna aliyemtuma. Sasa niambieni hio kama sio huzuni ni nini.

Hili neno kwamba hawana hisia nimejaribu kutafuta limetoka wapi. Mwaka 1985 kule London watafiti watatu, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliwafanyia watoto jaribio la midoli wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu anatoka, huku nyuma Anne anaihamishia kwenye boksi, kisha mtoto anaulizwa Sally akirudi ataitafuta wapi. Watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha kwenye boksi, yani pale gololi ilipo kweli na sio pale Sally anapodhani ipo. Sawa. Ila hilo swali linapima kama mtoto anajua mwenzake anawaza nini, halipimi kama anaumia mwenzake akiumia, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, ila watu wameendelea kuvichanganya tu mpaka vimefika kwenye mkeka wa msiba nyumbani kwangu.

Na kuumia anaumia, tena kupita kiasi. Mdogo wake akiwa mchanga akilia tu huyu kaka yake anajipiga kichwa ukutani, na majirani wakanishauri nimtenganishe na mtoto eti anamchukia. Nilikuja kuelewa baadae sana, kile kilio kilikuwa kinamuingia mwilini chote kwa mara moja bila chujio, na hakuwa na njia ya kukitoa. Mtoto akinyamaza anaenda kumpangia vifuniko vya soda pembeni ya neti, vyekundu upande huu vya kijani upande ule, ambavyo mimi au wewe huruhusiwi kuvigusa.

Kingine ni kwamba wengi wao hisia wanayo ila jina lake hawalipati. Wataalamu wanaita aleksithimia, na tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha karibu nusu ya watu wenye usonji wanayo, wakati kwa wengine ni kama 5 kwenye kila 100, kwahiyo hata wasio na usonji wapo. Wiki ile ya msiba mwanangu alikuwa ananiambia tumbo limejaa mchanga, mama tumbo limejaa mchanga, nami nikamnunulia dawa ya minyoo. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mwaka 2012 Damian Milton wa Uingereza, ambae yeye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba shida ya kuelewa hisia iko pande mbili, wao hawatusomi sisi na sisi hatuwasomi wao, ila lawama tunawabebesha wao peke yao. Mbona Kiswahili chetu kinajua hilo siku zote, kuelewana hakuwezi kuwa kwa mtu mmoja. Kisha mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh kule Uskoti wakapanga watu 8 kwa mstari, mmoja anamsimulia hadithi anaefuata mpaka mwisho. Wenye usonji watupu hadithi ilifika vizuri sawa na wale wasio na usonji watupu, walipochanganywa ndo ikapotea njiani zaidi.

Naandika haya kwa sababu maneno yana fimbo nyuma yake. Mwalimu mmoja alimchapa mwanangu kwa kucheka mwenzake alipoanguka, kumbe kile kicheko ni hofu, mimi naekaa nae nakijua maana kinatoka juu juu kwenye koo na macho hayacheki. Mtu akishaamini mtoto hana hisia, kumpiga kunakuwa rahisi.

Ombi langu kwenu mhariri, tarehe 2 Aprili ikija mnaandika kuhusu siku ya usonji duniani, msituhoji sisi wazazi na madaktari tu. Wapo watu wazima wenye usonji wanaoongea, wapo wanaoandika, wapo wanaoonyesha kwa picha, waulizeni wao wanasikiaje.

Na shangazi akisoma hii ajue sina kinyongo nae, aje tu jioni moja kabla ya saa kumi na mbili, akae chumbani kwa marehemu, asiseme kitu, asubiri kikombe kiletwe.

Ni mimi mama wa kijana,
Tanga